Mpaka Waliosema Haupo

Mama,

Begi lako limerudi. Liliteremshwa na dereva wa vifurushi asubuhi, nimeshavaa sare ya kazi, mkono mmoja umo ndani ya koti na mmoja uko nje. Akaniambia nitie sahihi kwa kidole kwenye simu yake, nikatia, akaenda zake bila kujua amemwachia mtu nini mlangoni.

Nililifungua palepale kwenye ngazi. Kanga zako za safari zimekunjwa na mtu asiyejua kukunja kanga. Ndara zako. Tasbihi. Makopo matatu ya singo, ule unga wako wa kuwasugulia maharusi, kila moja limezungushiwa utepe wenye mihuri ya nchi mbili, na moja limechotwa hadi nusu. Na kile kimfuko chako cha baridi, na ndani yake kalamu zako za insulini. Zimejaa. Hazijaguswa.

Sikwenda kazini. Nilikaa kwenye ngazi mpaka mwanangu Amina akarudi kutoka shule akanikuta. Aliniuliza kwa Kiingereza chake kama kawaida, nikamjibu kwa Kiswahili kama kawaida, na safari hii hakuna aliyemwelewa mwenzake.

Ndiyo nikaamua kukuandikia. Ndugu yangu Nassor ananambia maiti haandikiwi barua, husomewa dua. Dua nakusomea, Mama. Lakini dua ni maneno mazuri, na mimi nina maneno mabaya ambayo hayana pa kwenda.

Unakumbuka simu ya Bi Raya? Alipokwambia Warda wake anaolewa ulipiga kigelegele jikoni mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa mpini wa fagio. Ukagonga sakafu nawe kwa kisigino, ukamjibu. Bi Raya ulisoma naye chuo cha Kurani Unguja, mkiwa wadogo, akaolewa akaishia Ubelgiji na wewe ukaishia hapa London, Edmonton, na mlikuwa mmeshaapizana zamani kwamba mwanawe hatapakwa singo na mkono mwengine ila wako. Wiki nzima nyumba ilinukia waridi, asumini, mpachori na liwa. Ulinituma kwa yule Mgujarati wa Kisumu mwenye duka la viungo, anayekwita dada, nikachukue mawaridi makavu, ukanirudisha kwa sababu yale niliyoyaleta yalikuwa ya mwaka jana. Wazee ninaowahudumia wakawa wananiuliza nimejipaka nini. Mmoja alinishika mkono akaunusa, akafumba macho.

Nassor alitaka kukukatia tiketi ya ndege. Ukakataa. "Uwanja wa ndege wataninyang'anya makopo yangu. Basi litanifikisha mlangoni kwa Raya." Ulilikwepa tatizo, Mama, ukapanda basi.

Pale stesheni ya mabasi Victoria ulinishika kidevu kama mtoto. Nilidhani utaniambia jambo. Ukasema, "Kuku yumo kwenye friza, mtoe mapema asije akakushinda. Na usimwache Amina alale na simu." Ukapanda.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Mimi nimeyaokota kipande kipande: kwa mwanasheria, kwa Mkongo mmoja wa Peckham aliyekuwa kiti cha nyuma yako, na mengine mahakamani. Nitakueleza nilivyoyapata, pengine kuna ambalo hukulijua.

Kule ambako Ufaransa na Ubelgiji zinakutana, polisi wa mikoa miwili jirani wana mapatano. Wanafanya doria pamoja, gari moja, sare mbili. Mwizi akikimbia kutoka upande mmoja, wanaruhusiwa kumfukuza hadi upande wa pili bila kumuuliza mtu. Wana ofisi moja, meza zinatazamana. Mmoja akiuliza namba ya gari, mwenzake humjibu chai haijapoa. Mimi nilikuwa siyajui haya. Nani huyajua haya mpaka yamfike?

Ndio waliolisimamisha basi lenu. Wakapanda na mbwa. Mbwa alipita viti vyote akaja kusimama kwenye begi ulilolipakata. Yule Mkongo ananambia hukungoja kuambiwa. Ulisimama mwenyewe, mikono yote miwili mbele, ukainamisha macho. Aliponisimulia hilo ndipo nilipoamini kuwa kweli alikuona.

Maana mimi najua ulikotoka na kusimama kule. Ulikuwa msichana mdogo, baada ya mapinduzi, watu wenye bunduki walipokuja kwenu wakamchukua babu. Bibi alitoka nje kichwa wazi akapiga kelele mpaka mtaa wa pili ukasikia. Babu hakurudi. Na wewe, katika akili yako ya kitoto, ukakata shauri kwamba kelele ndizo zilizomponza. Hukulitoa hilo kichwani maisha yako yote. Ukatulea nalo sisi pia, hapa London, ambako askari wenyewe walikuwa wakituuliza njia. "Askari usimtazame machoni, mtazame kifungo cha shati. Mjibu kwa adabu. Mtu mwenye adabu hurudi kwake."

Ulikuwa na adabu, Mama. Mkongo anasema uliwaeleza kwa Kiingereza chako kizuri kwamba ule ni unga wa maua, wa kumsugulia bibi harusi, na ukafungua kopo moja uwanusishe. Wakachota kidogo wakakitia kwenye kile kipimo chao cha haraka, kikabadilika rangi. Basi. Ukashushwa. Basi likaondoka na kiti chako kitupu.

Ulinipigia. Nilikuwa kwa mteja, namkatia mkate. "Salma, usikhofu, mwanangu. Nimeteremshwa na askari. Wanadhani singo ni madawa ya kulevya!" Ukacheka, na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Nikakuuliza umeshachoma sindano? Ukasema bado, sindano imo begini na begi wanalo wao, watakupa ukishakula. "Wana adabu, wallahi." Halafu ukasema, "Subiri, huyu bwana anaitaka simu."

Hilo ndilo neno lako la mwisho kwangu. Huyu bwana anaitaka simu.

Nikapiga simu hadi sikio likapata moto. Niliowapata kwanza, upande wa kwanza, wa Ufaransa, wakaniambia, "Suala hilo liko kwa wenzetu." Niliowapata upande wa pili wakaniambia, "Huyo hajafika hapa, bado yuko kwa wenzetu." Neno wenzetu nimelichukia tangu siku ile, hata kwenye hitima shekhe aliposema "tuwaombee wenzetu waliotangulia" nilitoka nje.

Kazi yangu ndiyo hiyo, Mama. Kila siku ya Mungu naingia kwenye nyumba za watu kuhakikisha mama zao wamekula, wamemeza, na muuguzi kaja kuwachoma sindano zao. Nilijua hasa mwili wako utafanya nini ukiikosa. Kwa hiyo niliwaeleza wote wawili, polepole, kwa kile Kiingereza changu cha ofisini: ana sukari, hawezi kukaa bila insulini, dawa yake imo ndani ya begi mlilolichukua. Wa kwanza akasema ameandika. Wa pili akasema ameandika. Nikawaambia asanteni.

Sasa sikiliza walichokifanya. Basi lilisimamishwa upande wa kwanza, kwa hiyo ukalazwa upande wa kwanza. Lakini maabara ya kupimia ule unga iko upande wa pili, kwa hiyo begi zima, na kimfuko chake, likapelekwa upande wa pili. Kesho yake wakaamua kwamba kwa vile ulikuwa unakwenda Ubelgiji, wewe ukahojiwe huko. Wakakutia garini. Na begi, kwa vile jalada lilifunguliwa upande wa kwanza, likatiwa gari jengine likarudishwa. Mkapishana barabarani, wewe na dawa yako, mahali ambapo hapana hata kizuizi cha kuyafanya magari yapunguze mwendo.

Wa upande wa kwanza walijua kwamba wa pili watakupa. Wa pili walijua kwamba wa kwanza walishakupa. Hakuna aliyesema uongo. Nimeyasoma maelezo yao wote, na mwanasheria ameyasoma, na hakuna aliyesema uongo. Laiti mmoja wao angesema uongo, ningekuwa na wa kumchukia.

Bi Raya ndiye aliyenipa habari. Walipoona umelegea wakakukimbiza hospitali, na hospitali ndiyo iliyompigia, kwa sababu jina lake lilikuwa ndilo ulilolitaja. Alikwenda na hina mikononi, haijakauka vizuri. Alipopiga simu hakulia. Aliniuliza, "Salma, umekaa? Kaa, mwanangu." Nilikuwa nimesimama kituo cha basi na mvua inanyesha na hapakuwa na pa kukaa. Nikamwambia nimekaa.

Majibu ya maabara yalitoka umeshakaa siku mbili kwenye friji ya hospitali. Maua, magome na viungo. Wakatuandikia kwa heshima kwamba hakuna mashtaka dhidi yako na kwamba uko huru kuendelea na safari.

Hatukuweza kukuzika. Hilo najua lingekuuma kuliko kufa kwenyewe, wewe ambaye ulikuwa ukisema maiti ni mgeni wa haraka. Ulikamatwa upande mmoja, ukafia upande mwengine, na kila upande ukataka daktari wake akupasue, wa mwenzake hamwamini. Wale wale wa gari moja na sare mbili! Karibu wiki tatu. Nassor kila siku anapiga simu kutoka kwenye teksi yake kule Woolwich, anaegesha pembeni ya barabara, anawabembeleza: sisi ni Waislamu, tafadhalini, tuna desturi zetu. Wakimwambia wanaelewa kabisa. Ulipofika London nilikukosha mimi na Bi Raya. Sitakwambia nilichokiona. Bi Raya alinishika kiwiko akasema, "Usitazame mishono, mtazame uso." Nikatazama uso. Ulikuwa wewe.

Baada ya maziko tuligombana, mimi na Nassor. Unamjua mwanao, ndiye aliyerithi upole wako. Aliniambia, "Salma, ajali haina kinga. Tumwachie Mungu." Nikamwambia roho ya Mama nimemwachia Mungu, lakini kazi ya polisi simwachii. Akanambia nakufuru. Nikamwambia atoke kwangu. Akatoka, na sahani ya pilau aliyoletewa ikabaki mezani, na Amina akasimama katikati ya sebule akitutazama kama watu wasiojua aibu.

Lakini alikuja nami. Mwanasheria alipopata ahadi ya kuonana na wakubwa wa ile ofisi ya pamoja, Nassor akaniandikia neno moja tu, "Nakwenda," na siku ya safari akanipitia alfajiri. Tulivuka bahari bila kusemezana.

Mama, ni jengo zuri. Bendera mbili mlangoni, maua kwenye vyungu. Alitupokea mkuu mmoja mrefu, mpole, na naibu wake kutoka upande wa pili, mpole vilevile. Wakatupa pole. Walikuwa wameandaa kahawa na biskuti. Ukutani pana ramani kubwa ya mikoa yao miwili, na yule mkuu, nadhani kwa ajili ya kujaza ukimya, akaanza kutueleza kazi yao. Zamani, alisema, mhalifu alikuwa akiruka mtaro tu, akishafika ng'ambo anawageukia anawacheka. Watu wa mashambani wakiibiwa trekta, limevuka, limekwenda. Sasa hakuna tena pa kujificha. Nilimwona anajivunia, na sikumlaumu, ni kazi ya maana, watu wameibiwa vitu vyao wakavipata. Akasema, "Kwetu sisi hapa, bibi, mpaka haupo tena."

Nikamuuliza, "Mama yangu alikuwa mikononi mwa nani?"

Akamtazama naibu wake. Naibu akatazama kahawa. "Hilo ni suala la mamlaka ya kisheria," mkuu akasema. "Inategemea saa yenyewe, na alikuwa upande gani wa mstari."

"Basi mstari upo," nikamwambia.

Akaniuliza kama nataka maziwa kwenye kahawa.

Hapo ndipo Nassor alipoinuka. Nassor wako, Mama, ambaye hajawahi kumwinulia mtu sauti hata abiria mlevi. Alikwenda mpaka ukutani akaweka kidole juu ya ramani akasema, "Nionyeshe. Mama yangu aliomba sindano wapi? Hapa? Au hapa? Weka alama nione." Mkuu akachukua kalamu, nadhani kwa mazoea tu, akaja mpaka ramani ilipo. Ile kalamu ikazunguka, ikazunguka, haikutua. Mwishowe akairudisha mfukoni. Akasema anasikitika sana.

Kwenye meli ya kurudi Nassor aliniletea chai bila kuniuliza, sukari mbili, akakaa karibu yangu. Tangu siku ile hajaniambia tena tumwachie Mungu.

Halafu ikaja mahakama ya koroner, hapa hapa London. Koroner ni hakimu wa vifo. Maiti yako ilipotua kwenye eneo lake akawa na haki ya kuuliza kilichokuua. Kuuliza tu. Hakuwa na uwezo wa kumlazimisha polisi wa nchi nyengine aje kujibu. Aliwaalika. Wakajibu wote kwa upole uleule kwamba maelezo waliyoyaandika yanatosha. Nikajua tutakaa pale tusomewe karatasi twende zetu.

Akaja mmoja. Mwanamke, umri kama wangu, nywele amezifunga nyuma, koti la kiraia. Alilipa nauli yake. Alikuwa wa upande wa pili, zamu ya jioni, siku ile ya mwisho. Bila shaka utamkumbuka; alisema alikupa blanketi.

Alisema hivi: "Aliniomba sindano yake. Nikampigia mwenzangu wa upande wa kwanza, akanambia limeshashughulikiwa. Nikarudi nikamwambia mama yule, limeshashughulikiwa. Akasema asante. Baadaye akaomba maji. Nikampa, akasema asante. Akaomba tena, na tena. Kila nikimpa alisema asante. Nikamuuliza kama yuko salama. Akasema yuko salama, hataki kutusumbua."

Koroner akamuuliza kwa nini hakumwita daktari.

Akasema, "Nilikuwa najua kwamba si mtu wetu. Nilidhani ni mahabusu wa wenzetu, sisi tunawashikia tu."

Nassor aliweka kichwa juu ya magoti. Mimi nilikaa wima. Nitakwambia nilichokuwa nakiwaza, na unisamehe. Sikuwa nawawazia wao. Nilikuwa nakuwazia wewe, na nilikuwa na hasira na wewe, Mama, hasira ambayo sijapata kuwa nayo kwa mtu. Hutaki kuwasumbua! Kwa nini hukuwasumbua? Ulikuwa unakufa kwa kiu na maji mkononi, ulijua ni nini, umeishi na maradhi hayo miaka chungu nzima, ulijua vizuri kuliko daktari. Kwa nini hukupiga ule mlango kwa ndara? Kwa nini hukupayuka, hukulia, hukujitupa sakafuni, hukuwatukana matusi ya Ng'ambo ya Unguja ambayo nilikuwa nikikusikia ukimtukania jirani wa chini? Yule jirani ulikuwa humwogopi. Kelele hazikumuua babu, Mama. Babu waliomuua ni waliomchukua. Angepiga kelele bibi, asingepiga, wale watu walishakuja. Miaka yote ile nilikuwa nalijua hilo na hukuniruhusu kulisema. Kila nikianza ulikuwa ukiinuka ukaenda kutazama chungu jikoni. Sasa nalisema, na hupo wa kuinuka.

Koroner alitoa uamuzi mchana. Maradhi ya sukari, yakichangiwa na kupuuzwa. Neno hilo, kupuuzwa, mwanasheria alitubana mikono kwa furaha alipolisikia, maana kumbe si rahisi kulipata. Koroner akawaandikia wale wakuu wawili, na wao wakajibu kwa ukurasa mmoja wenye sahihi mbili: mafunzo yamepatikana, na ushirikiano utaimarishwa. Umekuwa mafunzo, Mama. Ulitoka hapa na makopo yako kwenda kumpaka mtoto wa watu singo, ukawa mafunzo. Kuhusu kesi ya fidia, mwanasheria anasema yawezekana kufunguliwa huko, lakini kwanza lazima ibainike ifunguliwe upande upi, na hilo nalo ni kesi.

Yapo na mengine yaliyobadilika, nikueleze haraka haraka. Warda ameolewa, miezi mitatu baadaye, watu wachache, hapakuwa na ngoma. Bi Raya aliniletea picha. Mtoto mzuri, lakini hakupakwa singo, alikataa mwenyewe. Watu wa hapa bado wananipigia, wa Woolwich, wa Peckham, hata wasiojua kama umekufa: binti yetu anaolewa, wewe ni mwanawe, huwezi kutufanyia? Nawaambia sikujifunza. Uongo, nilikuwa nasimama pale kwenye kinu tangu nina miaka saba. Mkono unakataa, basi. Amina amehamia chumbani kwako. Hakuniomba ruhusa, nilimkuta tu siku moja amelala, simu iko mkononi mwake inawaka.

Na kazini nimekuwa mtu wa kuchosha. Muuguzi wa sindano akichelewa kwa mteja wangu siondoki. Nampigia, nampigia bosi wake, nampigia bosi wa bosi. Msimamizi wangu amenambia kwa upole kwamba watu wanalalamika. Nimemwambia walalamike.

Lakini lililonifanya nishindwe kulala si hayo. Ni lile la mwisho.

Tulipotoka mahakamani yule mwanamke alikuwa ametungojea nje, chini ya ngazi, kwenye manyunyu. Akaja. Nassor akampa mkono, akaupokea kwa mikono miwili. Mimi sikumpa. Akaniambia kwa Kiingereza cha kuchagua maneno kwamba hana la kuniomba, alitaka tu nijue kwamba ameacha kazi. Ameshindwa kuvaa tena ile sare. Alikuwa analia.

Nadhani alitaka nimwambie amefanya vyema. Nassor naye alinitazama kwa macho hayo.

Nikamuuliza, "Zamu yako ya jioni sasa anakaa nani?"

Akasema hajui.

Nikamwambia, "Katika watu wote wale, wewe peke yako ndiye uliyemsikia mama yangu. Ndiye uliyeinua simu ukauliza. Sasa umeondoka, umewaachia mahali pale wale wasiosikia. Leo jioni akiletwa mama mwengine, atamwomba nani?"

Alifunika mdomo. Nassor akanishika bega, "Salma, inatosha," nami nikajichomoa nikaenda zangu kituoni, nikapanda basi la Edmonton, nikakaa juu, mbele, nikatazama maduka yakipita. Sikulia. Sikumwonea huruma. Sasa namwonea, baadhi ya siku, nikiwa nafua au nimesimama foleni, kisha inakatika.

Mama, Nassor ameshasamehe. Alikuja kaburini kwako akakwambia, nilikuwa nyuma yake nikamsikia. Amepumua tangu siku ile, hata mwili umemrudi. Mimi bado. Najua ungetaka nami nije niseme hivyo, lakini hukunilea kusema nisilolihisi, na sitakuanzia uongo sasa, umelala hapo huwezi kunikemea.

Basi nakuahidi ninaloliweza. Kesi siiachi, iwe upande huu au ule. Ijumaa hii nikitoka kazini nitakuja. Nitang'oa majani, nitakusomea, nitakaa. Na Ijumaa ya pili, na ya tatu. Siku moyo wangu ukilainika wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kuambiwa. Na usipolainika nitakuja vilevile, na hasira zangu, nizikalishe hapo karibu yako, tukae.

Lala, Mama.

Mwanao,
Salma